Saa Kumi na Tano Nairobi

Saa mbili asubuhi ya Ijumaa, Inspekta Restituta alikuwa amebakiwa na saa saba. Tuntufye Mwaijande alikamatwa jana yake saa tisa alasiri, akishuka kwenye basi dogo la kutoka Tukuyu, na sheria haimruhusu polisi kukaa na mtu zaidi ya siku moja bila kumfikisha mahakamani. Ikigonga saa tisa tena, ama awe na shitaka la kuandika, ama afungue mlango.

Shitaka hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni mwanamke aliyepotea.

Marta Mwaijande, mjane wa miaka sitini na minne, mkulima wa kakao wa Makwale, alikwenda Ujerumani mwezi wa tatu kumsaidia binti yake Neema aliyejifungua huko. Jumatatu usiku alipanda ndege ya kurudi. Jumanne alfajiri ndege ikatua Nairobi, na hapo alitakiwa kusubiri nyingine ya Dar es Salaam, ya saa tatu usiku, kisha aunganishe ya Songwe. Saa kumi na tano za kusubiri. Jumatano mchana mwanawe mkubwa, Sylvester, alisimama uwanja wa ndege wa Songwe akitazama abiria wakitoka mmoja mmoja, mpaka mhudumu akafunga mlango. Mama yake hakuwamo. Ndege ya Dar ilikuwa imeruka kutoka Nairobi bila yeye, na simu yake haikupatikana tena.

"Tuanze upya," Restituta alimwambia Tuntufye. "Tiketi ulikata wewe."

"Ndiyo, afande."

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye madoa ya wino wa printa vidoleni ambayo usiku wa mahabusu haukuyatoa. Alikuwa na duka la steshenari mbele ya stendi ya mabasi, na humo watu walipiga fotokopi, wakachapa barua na kukatiwa tiketi. Baba yake na marehemu mume wa Marta walikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Neema alikuagiza ndege ipi?"

"Ya kusubiri Nairobi kwa saa mbili tu."

"Wewe ukakata ya saa kumi na tano, ukakaa kimya. Kwa nini?"

Tuntufye alitazama meza. "Alitaka mwenyewe."

"Nani?"

"Mama mkubwa. Alikuja dukani kabla ya safari, akaniambia, 'Mwanangu, wakati wa kurudi nitafutie ile ya kukaa sana Nairobi.' Nikamwambia atachoka, utu uzima huu, kushinda kutwa kwenye viti vya chuma. Akasema havitamchosha. Halafu akaniapisha nisimwambie mtu, hata Sylvester."

"Sababu?"

"Hakunipa. Na mimi sikumuuliza. Yule ni mama yangu, afande, simhoji."

"Jumatatu ukafunga duka ukaondoka."

"Msibani, Tukuyu. Shemeji yangu alifiwa. Nimekaa huko mpaka jana, watu mia wameniona."

Jibu hilo Restituta alikuwa amekwisha kulithibitisha kwa simu tatu. Mchungaji aliyeendesha ibada ya mazishi alimkumbuka Tuntufye kwa sababu ndiye aliyechapa ratiba. Lakini mtu anaweza kuwa Tukuyu na bado akawa amepanga jambo Nairobi, na huko koridoni alikuwepo aliyeamini hivyo kwa moyo wote.

Sylvester alisimama mara alipomwona Restituta akitoka. Alikuwa fundi umeme, mtu mnene, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Amesema?"

"Anasema mama yako ndiye aliyetaka kusubiri muda ule."

"Mama yangu? Hata Mbeya mjini hapapendi. Huyu tuna naye mgogoro wa mpaka wa shamba, afande, tangu mwaka juzi. Mama ndiye shahidi pekee anayejua baba yake na baba yangu walipanda wapi masale ya kuonyesha mpaka. Mama asipokuwepo, nani atasema?"

"Kaa, Sylvester. Nitakuita."

Sababu ilikuwepo, basi, na nafasi ilikuwepo pia. Kesi zilizokaa vizuri kiasi hicho asubuhi mapema zilimtia Restituta mashaka. Alikuwa mtu wa Karagwe, mwaka wa pili sasa tangu ahamishiwe Kyela, na alikwishajifunza kwamba ugomvi wa mpaka wa kakao upo karibu kila nyumba na wengi wanaogombana bado husaidiana kuzika.

Saa tatu kasorobo, akiwa ofisini, simu yake ikaita. Alikuwa Telesphory, afisa mwenzake waliyesoma naye chuo, ambaye sasa alikuwa Dar es Salaam kwenye dawati la mawasiliano na polisi wa nchi jirani.

"Nina mambo mawili," Telesphory alisema. "La kwanza, uhamiaji wa Nairobi wamempata kwenye mtambo. Alipita Jumanne saa moja na dakika kumi asubuhi. Mtanzania haombi viza kule, kwa hiyo aligongewa muhuri akatoka. Kamera inamwonyesha peke yake. Amebeba mkoba na mfuko mweupe. Hakuna aliyemshika mkono."

"Anatembea vipi?"

"Vipi, kivipi?"

"Kama mtu aliyepotea, au kama mtu anayejua aendako?"

Telesphory alifikiri. "Walisema alikwenda moja kwa moja kwenye foleni ya teksi. Aliyeitazama video alisema, mama huyu ana haraka."

"Na la pili?"

Sauti upande wa pili ikashuka. "Jumanne jioni uliokotwa mwili kando ya barabara kuu. Mwanamke, miaka sitini hivi, mweusi wa kati, hana kitambulisho. Aligongwa na gari. Upo chumba cha maiti."

Restituta alitazama mlango. Kupitia kioo aliyaona mabega ya Sylvester.

"Waulize kuhusu mkono wa kushoto," alisema taratibu. "Kidole cha mwisho. Kwenye maelezo ya mtoto wake imeandikwa kwamba mama alikatwa na panga akipasua kakao, kidole kikabaki nusu. Usinipe kingine chochote, nipe hicho kidole."

"Inaweza kuchukua saa mbili."

"Nitasubiri."

Hakumwambia Sylvester. Badala yake alimpigia Neema, na Neema akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Nyuma yake kichanga kilikuwa kinalia.

"Dada Neema, nataka unisimulie mizigo ya mama. Alichokuja nacho na alichoondoka nacho."

"Mizigo?" Neema alishangaa, lakini alijibu. "Alikuja na ndizi zilizokaushwa, nguo za mtoto, na mchele. Mifuko miwili myeupe ya kilo tano."

"Mkaula?"

"Tuliula mmoja. Wa pili alikataa tusiuguse. Aliuweka chini ya kitanda miezi mitatu. Siku ya kuondoka akaubeba mkononi pamoja na mkoba wake. Nikamwambia, mama, unaurudisha mchele wa Kyela Afrika? Akacheka tu."

Restituta aliandika: *mfuko mweupe*.

"Simu yake je? Aliizima saa ngapi?"

"Hilo ndilo linalonikosesha raha. Nilimfundisha kutumia intaneti ya bure ya uwanjani. Alitakiwa anitumie picha akishuka tu Nairobi. Kila siku alikuwa ananitumia picha, hata ya theluji, hata ya takataka. Jumanne hakutuma. Wala haikuonyesha kwamba ameingia mtandaoni."

"Kwa hiyo simu ilikata mawasiliano kabla hajafika hata kwenye muhuri."

"Ndiyo."

"Namba za watu anazikariri?"

"Mama?" Neema alicheka kidogo katikati ya machozi. "Hata yangu haijui. Anabonyeza picha ya uso wangu."

Restituta alishukuru, akakata, akamwita Koplo Andrea. Andrea alikuwa mzaliwa wa Ndandalo, mwenye miaka hamsini na mitatu, na alikuwa amekataa uhamisho mara nne. "Twende Makwale," Restituta alimwambia. "Mwanamke huyu hakutekwa. Aliomba saa kumi na tano kwa kusudi, akatembeza kilo tano za mchele kwenda Ulaya na kurudi ili zifike Nairobi. Kuna mtu huko. Mtu ambaye akiunusa mchele huo ataujua."

Walimchukua Sylvester awafungulie. Nyumba ya Marta ilikuwa katikati ya migomba, bati jipya, na mbele yake vichanja vya kuanikia kakao vikiwa vitupu. Wanawake wa ukoo walikuwa wamekwisha kuanza kukusanyika, wamekaa kwenye mikeka bila kulia, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuita msiba.

Ndani Restituta alipekua kwa utaratibu wake, kuanzia mlangoni kwenda kulia. Hakukuta barua wala picha ya mgeni. Kwenye kabati la vyombo, juu kabisa, palikuwa na Biblia kubwa ya jalada gumu, imefungwa kwenye kanga.

"Ya babu, mzaa mama," Sylvester alisema. "Mama aliirithi."

Kwenye karatasi za mwanzo babu huyo, mzee Mwakilasa wa Ipyana, alikuwa ameandika watoto wake kwa mwandiko wa kalamu ya kuchovya. Marta, 1961. Chini yake doa jeusi. Chini ya doa, Ezra, 1966.

"Hapa pana nini?"

"Babu alikosea akafuta. Ndivyo tulivyoambiwa. Mjomba Ezra alifariki zamani, mama akabaki peke yake."

Restituta aliisogeza Biblia dirishani. "Anayekosea hupitisha mstari mmoja akaandika upya pembeni. Huyu alimwaga wino mpaka karatasi ikalowa. Na tazama hapa." Aliinamisha ukurasa, na unga mweusi ukateleza kwenye kiganja chake. "Kuna mtu ameukwangua kwa wembe, tena si zamani. Soma."

Sylvester alisoma kwa shida herufi zilizokuwa zimechomoza. "Be... a... Halafu mwishoni, ce."

"Beatrice," Andrea alisema mlangoni.

"Unamjua?"

"Simjui, afande. Lakini hilo ni jina la mtu."

Simu ikaita. Telesphory. Restituta alitoka nje, akapita vichanja, akasimama mahali ambapo sauti yake isingefika kwenye mikeka.

"Vidole vyote kumi vipo," Telesphory alisema. "Vizima. Siye."

Restituta alishika mti wa kichanja kwa mkono mmoja, akautazama udongo.

"Upo?"

"Nipo. Asante, ndugu yangu. Mungu awape nguvu wenye mwili wao."

Ilikuwa saa tano na robo.

Andrea ndiye aliyejua pa kwenda. Kama mzee Mwakilasa alikuwa wa Ipyana, alisema, basi aulizwe Bibi Asifiwe, aliyesoma darasa moja na Marta na hajawahi kuhama. Walimkuta akigeuza mpunga kwenye turubai kwa miguu, akichora mistari kwa nyayo. Andrea alimsalimia Kinyakyusa, "Mwagonile," wakaulizana habari za nyumba hii na ile kwa kirefu. Restituta aliacha wamalize. Mwaka wa kwanza angeona anapotezewa muda.

"Shikamoo, mama," alisema zamu yake ilipofika.

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya Marta."

"Nimekuja kwa ajili ya Beatrice."

Miguu ya Bibi Asifiwe ilisimama katikati ya mpunga. Alimtazama Sylvester, kisha Andrea, kisha akatazama pembeni. "Jina hilo baba yao alilikataza."

"Baba yao yuko wapi?"

"Amekufa. Mwaka wa kumi na sita huu."

"Basi hakuna wa kukugombeza. Mama, Marta hajulikani aliko tangu Jumanne, na mtu mmoja yuko ndani kwa ajili yake. Ukinisaidia, wote wawili wanaweza kurudi nyumbani."

Bibi Asifiwe alitoka kwenye turubai, akakaa kwenye kigoda, akafuta miguu kwa kanga.

"Ni mdogo wake," alisema. "Walipishana miaka miwili, walifanana mpaka mwalimu aliwachanganya. Baba alikwisha kumpangia Beatrice mume, mtu mzima, mwenye ng'ombe. Ndipo akaja fundi wa mashine ya kukoboa, Mkenya, kufunga mashine hapo chini. Alikaa wiki sita. Alipoondoka, Beatrice naye hakuwepo. Mwaka themanini na sita. Mzee akatuita wote, akasema, mimi nina watoto wawili. Atakayetaja wa tatu asikanyage kwangu."

"Na Marta?"

"Marta alinyamaza. Alikuwa ameolewa tayari, ana mimba." Alimwelekezea Sylvester kidevu. "Ya huyu."

Sylvester alikuwa amesimama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichowahi kukiona.

"Alijuaje kwamba yupo Nairobi?" Restituta aliuliza.

"Mwaka jana alikuja mnunuzi wa mchele kutoka huko. Alimwona Marta sokoni akamsalimia kama wanajuana. Akasema, mama, mbona umefika huku? Marta akamwambia, mimi ni wa huku. Yule mtu akashangaa. Akasema kuna fundi cherehani mtaani kwetu Kariobangi, ni wewe kabisa, hata kucheka. Marta alikuja hapa usiku uleule akalia mpaka nikaogopa. Hakutaka kuwaambia watoto mpaka amwone kwa macho yake. Akasema, je, kama atanifukuza? Nilikaa kimya karibu miaka arobaini, akinifukuza nitawaambia nini?"

"Kwa hiyo alijipa siku moja tu."

"Siku moja. Akipokelewa, vizuri. Asipopokelewa, anapanda ndege yake jioni, na hakuna atakayejua alikwenda."

Walirudi garini wakashika lami ya kwenda mjini. Andrea ndiye aliyeuliza, "Tupige Kariobangi, afande? Mafundi cherehani wako wangapi?"

"Wengi mno. Tutapiga, lakini kuna jambo linanisumbua." Restituta alikuwa anahesabu kwa vidole kama kawaida yake. "Marta si mtu wa kuacha watoto roho juu. Alikwenda, hakurudi kwenye ndege. Basi kilichomzuia kilikuwa kikubwa, lakini hata hivyo angetafuta njia ya kusema. Simu hana, imepotea ndani ya ndege au ndani ya uwanja. Angeweza kuazima. Ila namba hazijui. Namba gani mama wa Makwale anaijua kwa kichwa?"

Gari lilikuwa linaingia mjini. Andrea alipunguza mwendo kupisha bodaboda mbele ya stendi, akasema bila kufikiri, "Mimi mwenyewe kwa kichwa najua ile pale tu."

Alikuwa anaonyesha ukuta. Ukuta mzima wa duka la Tuntufye ulikuwa umepakwa rangi ya buluu, na juu yake, kwa tarakimu nyeupe zenye urefu wa mkono, ilikuwa namba ya simu iliyojirudiarudia kama wimbo wa watoto. Yeyote aliyewahi kusubiri gari pale, na Marta alikuwa amesubiri gari pale kila siku ya soko, alikuwa ameisoma mara elfu.

"Simama," Restituta alisema.

Kituoni Tuntufye alijibu haraka. Simu ya namba ile ilikuwa kitochi cha duka, simu ndogo ya vitufe, haitoki dukani, ipo kwenye droo ya kaunta. Jumatatu aliiacha ikiwa na chaji. Duka lilikuwa halijafunguliwa tangu siku hiyo, kwa sababu jana alikamatwa hajalifikia.

"Unakubali tufungue?"

"Nakubali, afande. Hata sasa hivi."

Wakamwita mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Tuntufye alifungua kufuli mwenyewe, na pingu mikononi, watu wa stendi wakitazama. Ndani joto lilikuwa limejikusanya pamoja na harufu ya karatasi. Restituta alivuta droo. Kitochi kilikuwa hai, mstari mmoja wa chaji ukiwa umebaki. Kioo kilionyesha simu kumi na moja ambazo hazikupokelewa, kumi kati yake za namba moja ya Kenya, na ujumbe wa Jumanne saa moja na dakika arobaini usiku.

Aliusoma kwa sauti, mwenyekiti akiandika.

"Tuntu ni mama mkubwa. Simu yangu imebaki kwenye kiti cha ndege. Leo sipandi nina mgonjwa. Mwambie Sylvester asiende Songwe. Nitarudi akipata nafuu. Hii simu ni ya jirani wa mgonjwa."

Sylvester alikaa juu ya boksi la karatasi. Lilibonyea chini yake, na hakuinuka.

"Andrea, fungua pingu," Restituta alisema.

Alipiga namba ile kwa simu yake mwenyewe, akaweka spika. Alipokea mwanamke mwenye Kiswahili cha Nairobi, aliyesema ngoja kidogo, mama yuko hapa tu wodini, tumekuwa tukiwatafuta nyinyi jameni. Kisha ikasikika sauti nyingine, ya utulivu, yenye lafudhi ya Makwale.

"Tuntu?"

"Hapana, mama. Shikamoo. Ni Inspekta Restituta wa polisi, Kyela. Kabla hatujaendelea, niambie mkono wako wa kushoto una kasoro gani."

"Marahaba. Kidole cha mwisho ni nusu, panga lilikula mwaka niliomzaa Neema. Polisi wa nini? Nani amepatwa?"

"Wewe ndiye tuliyedhani umepatwa. Ujumbe wako haukusomwa. Tumeusoma sasa hivi."

Marta akasema polepole, "Basi Sylvester alikwenda Songwe."

"Alikwenda."

"Yesu wangu. Mwanangu masikini."

Restituta alimwomba aeleze, kwa ajili ya jalada, na Marta akaeleza kama mtu anayesoma orodha aliyokwisha kuikariri. Saa kumi na tano alizigawa mapema: mbili za kwenda, mbili za kurudi, tatu za kuwahi uwanjani, nane za kukaa na mdogo wake. Alifika Kariobangi saa tatu asubuhi, akakuta cherehani imefunikwa shuka. Jirani akamwambia fundi amelazwa, ana uvimbe tumboni, mume alikwisha kufa na watoto hawakupata. Akaenda hospitali. Beatrice alikuwa macho.

"Alinitazama," Marta alisema. "Nikafikiri ataniambia toka. Akasema, 'Umechelewa.' Nikamwambia ndiyo. Akasogea, akanipa nafasi kwenye kitanda."

Upasuaji ulikuwa Jumatano asubuhi, na daktari alikuwa anatafuta ndugu wa kusaini. Siku nne walikuwa wanamtafuta. Marta akaomba kalamu.

"Nikaandika jina langu, na penye uhusiano nikaandika dada. Baada ya hapo ningepandaje ndege? Nikasema, tiketi itakatwa nyingine."

"Ameamkaje?"

"Wameutoa wote. Jana alikuwa hajitambui vizuri. Leo amekaa, ameomba uji."

Mwenyekiti wa mtaa aliacha kuandika, akajifuta uso kwa leso.

Restituta alitazama saa yake. Saa nane na nusu. Alichukua fomu ya dhamana kwenye jalada, akaichana, akaandika kwa mkono kwenye karatasi nyeupe ya dukani kwamba Tuntufye Mwaijande ameachiwa huru bila sharti lolote, mhusika amepatikana akiwa hai na salama. Akasaini. Tuntufye aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaanza kutafuta mahali pa kuiweka, kisha akaikunja ndani ya mfuko wa shati.

Sylvester alikuwa ameinuka. Alisimama mbele ya binamu yake.

"Nilisema umemuuza mama," alisema.

"Nilisikia. Ukuta wa mahabusu ni mwembamba."

"Nisamehe, Tuntu."

"Ningekuwa wewe ningesema hayohayo." Tuntufye alimshika bega, akamsukuma taratibu kuelekea kaunta. "Ongea na mama. Atakata."

Sylvester aliinamia simu. "Mama."

"Mwanangu. Umekula?"

"Nimekula," alidanganya. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa naona aibu. Nitakwambia nikija, yote. Sasa ngoja, kuna mtu anataka simu, ananyoosha mkono na daktari alimkataza."

Kulisikika mashuka, chuma cha kitanda, mtu akihema. Kisha sauti iliyofanana na ya Marta, ila nyembamba kwa ugonjwa, ikasema kwa Kinyakyusa cha zamani, kisichochanganyika na kitu, "Mwagonile."

Andrea ndiye aliyewahi kuitikia. Wakasalimiana kidogo, yeye na mgonjwa, na mara mbili mgonjwa alirudia neno kama anayelionja. Kisha Andrea akamsogezea Sylvester simu.

"Shikamoo, mama mdogo," Sylvester alisema.

Kitanda kikalia tena, kama mtu anayejisogeza akae vizuri.

"Marahaba, mwanangu," Beatrice alisema. "Wewe ni wa ngapi?"

"Wa kwanza, mama. Tuko watatu."

"Wa kwanza," alirudia. "Basi nilikuacha tumboni. Nianzie kwako. Nitajie majina ya wote, na ya watoto wenu, polepole, nami nitayashika."

Sylvester akavuta boksi lililobonyea, akakaa, akaanza kutaja.